Ng'ombe, Posa na Mshokishoki

Nani yuko macho? Aitike. Nani amelala? Naye aitike, tumjue muongo wetu ni yupi. Haya, sogeeni ndani ya baraza, mvua inarusha. Wewe Hidaya, usikae penye mchirizi kisha ukamwambie mamako kuwa nimekulowesha mimi.

Alikuwako bibi mmoja. Jina lake silitaji. Mnacheka nini? Nimesema bibi mmoja, kwani Pemba nzima bibi ni mimi peke yangu? Huyu wangu alikuwa na pumu, tena alikuwa mkali kidogo, na karafuu zake alizipenda kuliko alivyopenda baadhi ya watu. Mkicheka tena hadithi nairudisha nilikoitoa.

Bibi huyo alikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimjaalia chake.

Wa kwanza ni mwanawe, Shaame. Huyu alijaaliwa ndoto. Sote twaota, lakini ndoto za Shaame zilikuwa na njia: akiota mgeni, ikifika adhuhuri mgeni yuko mlangoni na kikapu chake.

Wa pili ni bintiye, Kazija. Huyu alijaaliwa msimamo. Tangu mdogo, akisema la ni la. Aliwahi kumkatalia mwalimu wa chuo cha Kurani, na mwalimu ndiye aliyeinamisha macho.

Wa tatu hakumzaa yeye. Ni jirani yake, Bi Raya, aliyejaaliwa mkono wa kuotesha. Bi Raya akichomeka mti wa kuanikia nguo, baada ya siku chache mti una majani na nguo hazina pa kukaa.

Ndiyo, Hidaya, najua hata hapa mtaani wako watu wenye majina hayo. Majina yamefanana tu. Endelea kusikiliza.

Sasa, nyumba ya bibi ilikuwa ya kibatari. Kiangazi si neno, madirisha wazi, moshi unakwenda zake. Lakini masika! Mvua inapiga, madirisha yanafungwa, na moshi unakaa ndani na wenye nyumba. Masika moja bibi alibanwa kifua hata akapelekwa hospitali kwa gari la ng'ombe la Shaame, juu ya magunia. Daktari, kijana mpole, akamvuta Shaame pembeni, akasema polepole, "Moshi wa kibatari ndio unaommaliza mama. Masika mengine ya namna hii hatayavuka."

Alidhani bibi amelala. Bibi alikuwa amefumba macho tu. Alisikia kila neno, akaogopa, na hakumwambia mtu.

Basi ikawa hivyo: kabla mvua hazijarudi, kibatari kitoke, ama bibi atatoka yeye.

Kiangazi kilipokolea, Shaame akaota. Aliota jua limekuja kukaa juu ya bati la nyumba yao, limening'iniza miguu ukutani, linagonga bati taratibu kwa kisigino. Bibi yuko ndani, anajibu "Karibu," lakini jua halina mlango wa kuingilia. Asubuhi akamsimulia mamake.

"Likasema nini?" akauliza bibi.

"Halikusema kitu, mama. Lilikuwa linangoja tu. Tena lilikuwa limechoka kungoja."

Mtoto wa watu akakaa na ndoto ile mpaka ikamlevya. Akawa anamwamkia mtu, anapiga hatua mbili, anarudi kumwamkia tena. Na ni wakati huohuo sheha, kiongozi wa mtaa, alipokusanya watu akatangaza Mfuko wa Jua. Akasema, "Atakayefunga sola nyumbani kwake, na taa yake ikawaka kila jioni mwezi mzima wa masika, Mfuko utamrudishia bei yote. Ikilala jioni moja tu, hapati kitu." Watu wakanung'unika, wakasema masika jua litatoka wapi? Shaame yeye alikwisha kusimama. Lilitajwa jua, basi.

Lakini kurudishiwa ni mpaka ununue kwanza, na Shaame mali yake ilikuwa moja, ng'ombe wake Makeke. Jina Makeke, mnyama mtulivu kuliko mimi. Ndiye aliyebeba karafuu za mji mzima na kumlisha Shaame na mamake. Akamuuza. Na paneli zile, Makeke huyohuyo ndiye aliyezivuta kutoka dukani hadi nyumbani. Akateremshwa mzigo, akapewa maji, kisha mwenye kumnunua akamtia kamba. Alipofika kwenye kona akageuza shingo kutazama nyumba, na Shaame akaingia ndani haraka akajifanya anatafuta nyundo.

Fundi akaja. Waya wake haukufika juu ya nyumba kubwa, akaziweka paneli kwa muda juu ya banda la jiko, pale chini ambapo hata mtoto anafikia. Akasema, "Jioni washeni, mwone."

Jioni wakawasha. Kimya. Siku ya pili, kimya. Fundi akaitwa, akafungua huku, akakaza kule, akaapa kwa mamake mzazi kwamba vitu ni vizima. Shaame akaketi kizingitini, anaona ng'ombe wake amekwenda bure. Mara wakasikia Kazija anapiga ukelele huko nyuma ya jiko.

"Mama!"

"Nini?"

"Karafuu!"

"Zimekauka?"

Loo, chekeni, chekeni mpasuke! Na mimi nakuulizeni, mmewekewa kitu cheusi, safi, laini, kinashika joto kuliko jamvi lolote, nacho kimekaa bure juani, nyinyi mngeanika nini? Bibi yule hakukosea sana. Na karafuu zilikauka vizuri, wallahi.

Paneli zikapandishwa juu ya nyumba kubwa, mbali na mikono ya bibi. Taa ikawaka, watu wakapiga vigelegele. Lakini kabla ya isha ikafifia, ikalala. Kesho yake vilevile. Wakatazama juu, na mara hii hapakuwa na haja ya fundi. Kivuli cha mshokishoki wa Bi Raya kilikuwa kinapanda juu ya bati tangu adhuhuri, na kikipanda hakishuki tena.

Mti ule ulikuwa na jina. Uliitwa mti wa Zuwena. Bi Raya aliupanda siku aliyojifungua binti yake wa pekee, na Zuwena alipokwenda kwa Mola wake, akiwa hajafika hata darasa la nne, mti ukabaki unakua. Ukizaa, Bi Raya haruhusu mtu kuuza. Hugawia watoto, na husimama akiwatazama wanavyomenya. Shaame alikwenda mpaka kwenye uzio kumwomba, akarudi. Kazija alikwenda, akaishia kuomba chumvi, na chumvi nyumbani ilikuwako. Bibi alikataa katakata. "Afadhali kibatari," alisema, "kuliko kumwambia mtu neno hilo."

Bi Raya akaja mwenyewe. Akaketi barazani, akakung'uta mchanga miguuni.

"Shoga, taa yenu yalala mapema."

"Yalala."

"Ni mti wangu."

"Mimi sikusema, jirani."

"Najua hukusema. Ungesema ningekasirika."

Asubuhi akaleta watu wa shoka. Mti ulikuwa unatoa maua, nyuki wamejaa. Bi Raya akauwekea kiganja shinani, akasema nao maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, akaingia ndani akafunga mlango. Mti ulianguka polepole, majani yakitua kwa sauti ya mvua ya mbali. Na pale ulipoanguka, mwanga uliingia chumbani kwa bibi mahali ambapo haujawahi kufika tangu nyumba kujengwa, sakafuni, kando ya kitanda. Bibi akateremsha miguu akaiweka ndani ya mwanga ule. Ulikuwa wa vuguvugu. Akaiacha miguu pale, akalia sana.

Kisha masika yakaja. Mnayajua ya hapa kwetu: ukungu unalala juu ya mikarafuu, mchana unakuwa wa kijivu, hujui kama umeamka au bado unaota. Jua lilichungulia kidogo tu, na betri ikapata kidogo tu. Ikatosha taa moja. Taa moja, si taa na kitu kingine.

Na watu wakaja na simu zao. "Kazija mwanangu, nichajie." "Dada Kazija, dakika mbili." Kwetu kumnyima jirani chaji, na unayo, ni sawa na kumnyima maji. Kazija akasema la. Akawaambia kila mmoja, kwa adabu, mlangoni, mvua inanyesha. Wakamwita mchoyo. Wakamwita Bi Jua. Watoto fulani walimtungia hata wimbo, na waliomtungia nawaona hapa, wanatazama miguu yao.

Kazija alikuwa ameposwa. Mchumba wake, Mbarouk, alikuwa Unguja kikazi, na siku ya harusi ilikwisha kutajwa. Alasiri moja, siku ambayo jua halikuchungulia kabisa, mama yake Mbarouk akapiga hodi, mwavuli mkono huu, simu mkono huu.

"Mwanangu, inakata roho. Mbarouk atanipigia jioni. Kidogo tu."

Kazija akatazama betri. Akatazama chumbani, kifua cha mamake kinapanda na kushuka bila kukoroma, bila filimbi ile ya pumu.

"Samahani mama. Leo haiwezekani."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Nisamehe."

Mama yule akakunjua mwavuli wake. Kabla wiki haijesha, posa ikavunjwa. Walisema hawataki mke mwenye mkono wa birika. Kazija hakulia mbele ya watu. Alipanda juu ya bati na kitambaa, kupangusa paneli kama alivyofanya kila asubuhi, na bibi kitandani akakisikia kitambaa kinakwenda na kurudi juu ya kichwa chake. Siku ile kilikwenda na kurudi kwa muda mrefu mno. Paneli hazikuwa chafu kiasi hicho.

Mwezi ukaisha, na taa haikulala hata jioni moja. Na bibi? Bibi hakubanwa. Alilala masika yote, usingizi mtamu, mpaka akaanza kuota yeye. Aliota jua limeingia ndani, limekaa kwenye jamvi, linachambua naye karafuu, wala halina haraka ya kwenda popote.

Sheha akaja na fedha za Mfuko, akazikabidhi mbele ya watu. Akasema, "Bibi, hizi ni za mwenye nyumba. Lakini mimi ningekuwa wewe, ningempa aliyekuwashia taa."

Akaenda zake. Jambo rahisi hivyo, akamwachia mwanamke mzima na pumu yake.

Shaame akasema, "Mama, mimi sidai. Ila tangu Makeke aondoke siioti ndoto nyingine. Namwota yeye tu, kwenye kona, ameniangalia." Fedha zile zinatosha kumrudisha ng'ombe.

Kazija akasema, "Mama, fedha hizo zinatosha paneli ya pili na betri. Niiweke hapa barazani, kila mtu aje achaji bure mpaka achoke. Nataka lile jina linitoke." Hakumtaja Mbarouk, wala bibi hakumtaja.

Nini, Hidaya? Agawe mafungu matatu? Ahsante mwanangu, nilikuwa nakungoja. Theluthi ya ng'ombe haivuti gari. Theluthi ya paneli haichaji simu. Ukigawa, umewapa watatu wote kitu kisichowafaa, ili wewe ulale vizuri.

Na Bi Raya, mtaniuliza, alisema nini? Hakusema kitu, na hilo ndilo linaloniumiza. Nyumba yake sasa haina kivuli, bati lake linawaka mchana kutwa. Fedha zile zinatosha kumjengea baraza nzuri ya makuti mbele ya mlango. Lakini haombi. Anatoka na kigoda chake anatafuta penye ubaridi. Asubuhi anakaa chini ya ukuta wake mwenyewe. Ikifika alasiri anavuka uzio, anakuja kukaa kwenye kivuli cha nyumba yangu, hapo, anasuka ukili wake na kuniuliza kifua changu leo kinaendaje.

Haya. Nimesema yangu. Ndiyo, ni mimi. Mlijua tangu mwanzo, basi nyamazeni.

Tazameni juu, taa imewaka. Kazija ameiwasha, hata sikumsikia akipita. Nzuri, eti? Naweza kuitazama mpaka usingizi unichukue. Fedha zimo humu, pindoni mwa kanga yangu, tangu juzi silali nazo vizuri. Kesho baada ya swala ya Ijumaa wanakuja wote watatu kula kwangu, na nimeapa hakuna atakayeondoka kabla sijalifungua fundo hili.

Bila Makeke, paneli zisingekuwako. Bila mti kuanguka, paneli zingekuwa za kuanikia karafuu tu. Bila Kazija kusema la, taa ingelala, na mimi leo nisingekuwa hapa kugombana nanyi. Pumzi ninayoivuta ni moja, na wametia mkono wote watatu.

Nimewasimulia hadithi nyingi, na majibu yake yote nilikuwa nayo. Hii sina. Kwa hivyo msinijibu kwa kunifurahisha. Wewe uliye macho, na wewe uliyejifanya umelala: fundo hili lingekuwa kwenye nguo yako, kesho mchana ungemfungulia nani?