Timu Iliyoalikwa Ikafungwe

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia watoto peke yao. Nyie watu wazima mliojificha nyuma, mmekatwa ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko wote. Hapo zamani za kale, nyasi zikiwa bado hazina mwenyewe, palikuwa na chuo cha wanyama wadogo. Walifundishwa kutafuta maji, kuchimba mashimo, kutambua majani yenye sumu. Ada ilikuwa nafaka. Kila mzazi alileta alichovuna, kikaingia ghalani, walimu na wanafunzi wakala humo.

Mkuu wa chuo alikuwa Mwalimu Korongo. Mrefu, msafi, miguu yake miwili myembamba, mwendo wa madaha. Sasa, Mwalimu Korongo alipenda mpira. Kupenda mpira si kosa, hata mimi napenda. Lakini yeye alipenda mpaka akapitiliza. Akaunda timu. Akamleta kocha, Ngiri, na Ngiri alikuwa kocha wa kula: asubuhi mtama, mchana mtama, jioni anauliza mtama uko wapi. Akajenga jukwaa la watazamaji, refu, la kukaa chuo kizima na wageni wao. Ghala likachotwa, likachotwa, likachotwa.

Na timu je? Timu ilikuwa ya kufungwa tu. Nyumbani inafungwa, ugenini inafungwa. Mwishowe jukwaani walibaki kunguru wawili, nao walifuata kivuli.

Nahodha wa timu hiyo alikuwa Digidigi, na huyo ndiye ninayetaka mumjue. Mdogo wa mwili, mwingi wa mbio, wa kwanza kusoma katika ukoo wao. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Pimbi, winga wa kulia, vijiguu vifupi na maneno mengi.

Siku moja Digidigi akaenda ghalani na bakuli lake. Akachungulia. Hakuna kitu. Akapiga kwato sakafuni, likatoka vumbi, pfuu. Nje akamkuta mwalimu wa mashimo, mzee Muhanga, anafunga mzigo wake.

"Unakwenda wapi, mwalimu?"

"Kutafuta chakula, mwanangu. Hiki chuo hakifiki masika."

Digidigi akaliweka bakuli chini. Kwao walichanga mtama wa mwaka mzima ili yeye asome. Chuo kikifa, atarudi awaambie nini?

Jioni ile Mwalimu Korongo akaiita timu. "Wanangu, Nyati wametualika kwao. Mkicheza vizuri, kama nitakavyo mimi, tunarudi na magunia ya mahindi."

Digidigi alidhani mahindi yanashindaniwa, anayeshinda ndiye anayapata. Ungekuwa wewe ungedhani nini? Akawapigisha wenzake mazoezi. Jua likichomoza wanakimbia, jua likizama wanakimbia. Pimbi akasema, "Nahodha, mimi Nyati nitampita chini ya tumbo." Digidigi akamjibu, "Ukipita usisimame kusalimia." Wakacheka, tumbo tupu na kicheko juu.

Siku ikafika. Uwanja wa Nyati ulijaa pomoni. Filimbi ikalia, pyuu. Nyati wakaja, gudu gudu gudu. Pimbi akainama, akapita chini ya tumbo, akatokea upande wa pili, akamwekea Digidigi. Digidigi akapiga. Wavuni, fyaa.

Nyati hawakuamini. Digidigi mwenyewe hakuamini.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Korongo akaja mbio, mabawa wazi. Digidigi alidhani anakuja kumkumbatia.

"Mmefanya nini?"

"Tumefunga, Mwalimu."

"Nani aliwatuma?"

Jamani. Digidigi akauliza, "Si ulisema tumekuja kutafuta mahindi?"

"Ndiyo. Na mahindi ya Nyati anapewa aliyefungwa. Ndiyo mila yao. Mgeni akishindwa hupewa mahindi ya njia, asiondoke na kinyongo. Akishinda, heshima ameshaichukua, anaondoka mikono mitupu. Unadhani niliwaleta hapa mshinde?"

"Umetuuza, Mwalimu," Digidigi akasema polepole.

"Kuuza ni neno baya. Nimewaazima. Haya, mkafungwe, mpate kula."

Wachezaji wote wakamgeukia nahodha wao. Kakakuona, golikipa, alikuwa amejikunja, hataki kuonyesha uso. Pimbi akasema, "Sema wewe. Utakalosema nitalifanya." Digidigi akalifikiria ghala lile. Akamfikiria mzee Muhanga na mzigo wake.

"Tufungwe," akasema. Aibu ilimshika hata akashindwa kumtazama mtu.

Wakarudi uwanjani. Kakakuona akasogea pembeni. Goli. Akasogea tena. Goli. Goli tena. Lakini Nyati walikuwa wameaibishwa mbele ya wake zao na watoto wao, na magoli hayakuwatosha. Walimtaka yule aliyepita chini ya tumbo. Gudu gudu gudu, vumbi likatimka, halafu ikasikika: kwaa.

Pimbi alikuwa chini. Mguu wake wa nyuma umegeukia pasipo pake.

Mahindi yakaletwa, magunia kwa magunia. Kisha likaletwa moja zaidi, likawekwa kando. Digidigi akauliza, "Hili la nini?"

"La mguu," akajibu Nyati mzee, kwa adabu kabisa. "Tukimvunja mgeni, huwa tunaongeza."

Kocha Ngiri akalipapasa lile gunia. "Laiti angevunjika na mwingine," akasema.

Digidigi akamgeukia. Alibaki anamtazama Ngiri, anamtazama, mpaka wenzake wakamshika begani wakamwambia twende.

Kesho yake chuo kizima kilikula. Mwalimu Korongo akapanda jukwaani, kifua mbele. "Chuo kimepona. Njia tumeshaijua. Wiki ijayo tunakwenda kwa Tembo. Mahindi yao nimeyaomba mapema na wameshanipa, maana nimewahakikishia mtafungwa. Baada ya hapo, Vifaru."

Digidigi akasimama. "Nafasi ya Pimbi anacheza nani?"

"Yeyote, bora awe mdogo. Tembo wanapenda wadogo. Watazamaji wao hucheka sana."

Vinywa vilikuwa vimejaa mahindi, na hakuna aliyetafuna. Digidigi akaenda alikolala Pimbi, akampakia mgongoni, akatoka naye.

"Nahodha, tunakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Na chuo?"

"Hicho kinachongoja mguu wako wa pili? Pimbi, mimi ndiye niliyesema tufungwe. Nisamehe."

"Ulisema kwa njaa yetu sote," Pimbi akasema. "Tembea taratibu tu, unanitonesha."

Nyuma yao akatoka Kakakuona. Akatoka mwingine, na mwingine, hadi timu nzima ikaisha. Kwao Digidigi wakamkuta mzee Muhanga, aliyekuwa amefika huko kutafuta chakula, wakamwomba awafundishe huko huko kwenye nyasi, kila mmoja na bakuli lake la mtama. Akakubali.

Siku ya mchezo Tembo walingoja uwanjani kwao. Wakangoja. Mwisho wakaja chuoni wenyewe, ndi, ndi, ndi.

"Mwalimu, mchezo wetu uko wapi?"

"Timu imetoroka, waheshimiwa."

"Basi rudisha mahindi."

"Kocha amekula. Yaliyobaki nimempa fundi anayerefusha jukwaa."

Tembo wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Sisi tulitoa mahindi tupate mtu wa kumfunga. Hatukuchagua nani." Ngiri aliposikia hivyo, mkia juu, akatokomea. Wakamchukua Mwalimu Korongo, wakamsimamisha golini. Tembo akarudi nyuma, akaja, akapiga. Buu. Korongo akainua mguu azuie.

Kwaa.

Habari ikamfikia Digidigi akiwa darasani. Wenzake walidhani atacheka. Hakucheka. Aliketi chini, kichwa chake kizito.

Pimbi, amejiegemeza kwenye fimbo, akauliza, "Wamempa gunia la mguu?"

"Hapana," Digidigi akasema. "Lile ni la wageni. Yeye amevunjiwa nyumbani kwake."

Mpaka leo mkimwona Korongo majini anasimama kwa mguu mmoja, msimuulize. Anaona haya.

Nanyi mnaoongoza wenzenu, nasema wazi nisije nikasingiziwa: usilishe nyumba kwa kuwatoa watoto wake wavunjwe, maana watoto wakiisha, aliyelipa atakutaka wewe. Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini, haiendi tena.