Siri ya Bafuni kwa Bi Mashavu

Jumbe Mng'aro alitangaza kwamba anayefunga mlango ana siri, na mwenye siri ni mwasi. Milango yote ikang'olewa. Akawa anaingia nyumba za watu bila hodi, akifunua vyungu na kuchungulia mvunguni mwa vitanda.

Bi Mashavu akamwendea.

"Jumbe, siri yangu iko bafuni, kila alasiri."

"Siri gani?"

"Nikikuambia itakuwa siri tena? Njoo ujionee."

Alasiri jumbe akaingia bafuni kwa kishindo. Akatoka mbio, kanzu ameipandisha kufunika uso, miguu yote nje.

Jioni hiyo hiyo akaamuru milango irudishwe.

"Ulificha nini?" majirani wakamuuliza Bi Mashavu.

"Sikuficha kitu. Nilimwalika mama mkwe wake aje kuoga."