Kibanda cha Mwisho Bondeni

Jumatatu, tarehe 6 Aprili, 1987, idara ya mazingira ilipiga alama nyekundu ya X kwenye vibanda vilivyoubana mto Kinyenze, na serikali ikaahidi kila mwenye kibanda kitakachobomolewa nyumba mpya ya matofali. Habari hiyo ilimnyima usingizi Bwana Mwinchande, tajiri wa nyumba za kupangisha. Kesho yake alishuka bondeni, akaikuta X mbichi ukutani kwa Bi Chiku, mjane ambaye mvua ilikuwa ikimnyeshea hadi kitandani.

“Bi Chiku, nipe kibanda hiki, nikupe nyumba yangu moja kuukuu ya kule juu.”

“Sikushauri, Bwana. Kinavuja.”

“Kinivujie mimi!”

“Watu watasema nimekupunja.”

“Naongeza kitanda.”

“Kitanda kitupu?”

“Na godoro lake! Twende kwa mwenyekiti wa mtaa.”

Wakaandikishana mbele ya mashahidi.

Tarehe 13 wabomoaji wakafika, wakakipita kibanda kile.

“Mbona mnaniruka? Hamwioni alama?” alifoka Bwana Mwinchande.

Ofisa akaigusa kwa kidole. “Mzee, kibanda hiki kiko mbali na mto, hatukukihesabu. Na hii si rangi yetu. Hii ni rangi ya sakafu.”

Bwana Mwinchande alipanda mlima akihema, akamkuta Bi Chiku ameinama mlangoni, brashi mkononi.

“Chiku! Nani aliichora ile alama?”

“Mimi, Bwana. Karibu ndani, ila usikanyage hapo. Sakafu bado mbichi.”