Baiskeli ya Kwenda Kazini

Ndugu zangu, kabla sijafika mbali nina habari ya kuwasimulia. Isikilizeni kwanza kama habari ya mtu mwingine. Kwetu tutarudi.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mashine katika kiwanda cha kukamua alizeti. Ni zamani kidogo, bodaboda hazijafika vijijini. Kutoka kwake hadi kiwandani ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, njia ya mchanga mtupu, na msimamizi wake hakuwa mtu wa kusikiliza visingizio. Fundi akachoka kukimbia kila asubuhi. Akasema, nanunua baiskeli.

Wala hakukurupuka. Alizunguka madukani Jumamosi tatu. Anapanda, anaangalia kama magoti yanagonga usukani. Anabana breki. Anainua gurudumu, analizungusha, jicho moja amefumba, aone kama rimu imepinda. Nani kati yetu angemlaumu? Mtu anayetaka baiskeli nzuri afanye nini zaidi?

Jumamosi ya tatu alikwenda na mkewe, mjamzito wa miezi mitano, mimba ya pili. Fundi akaipenda moja nyepesi, ya matairi mapana ya kukanyaga mchanga. Nyuma tupu.

Muuzaji akamwambia, "Hii haina keria, bwana. Hutapakia mtu?"

"Simpakii mtu. Ni ya kwenda kazini tu."

Mkewe alikuwa ameweka mkono kwenye keria ya baiskeli nyingine, nyeusi, ya chuma. "Na hii, Baba Sechelela?"

"Hiyo nzito, Mama Sechelela. Itanichelewesha."

Mama akaondoa mkono.

Na kweli, baiskeli ilifaa. Miezi ikapita fundi hajachelewa hata siku moja, mpaka msimamizi akamsifu mbele ya wenzake.

Asubuhi moja, fundi yuko uani anakunja suruali tayari kuondoka, akasikia mkewe anamwita kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia. Uchungu ulikuwa umeanza, na damu ilikuwa inatoka. Zahanati iko njia ile ile, karibu na kiwanda. Akajaribu kumkalisha kwenye bomba la mbele. Haikuwezekana, na tumbo lile.

Basi wakatembea. Mama ameshika bega la mumewe, mume mkono mmoja anakokota baiskeli. Mtauliza, kwa nini hakuiacha nyumbani? Alikuja kusema mwenyewe: alifikiri akishamfikisha mkewe, ataiwahi kazi.

Katikati ya njia mama akakaa chini mchangani. "Mimi siwezi tena."

Nyuma yao akatokea muuza mkaa, mtu wasiyemjua, na baiskeli yake kuukuu iliyosheheni magunia. Hakuuliza maswali. Akafungua kamba, akayaangusha magunia yote pale kando ya njia. "Panda, dada. Nishike kwa nguvu."

Wakaondoka. Fundi akawafuata nyuma kwa baiskeli yake nzuri, peke yake, mwepesi kabisa, anatazama kichwa cha mkewe kimeegemea mgongo wa mwanamume mwingine. Alilia njia nzima.

Mama alijifungua salama, mtoto wa kiume. Muuguzi alimwambia fundi kwamba wangechelewa kidogo tu, pale zahanati wasingekuwa na la kufanya. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Sechelela, mbona siku ile dukani hukuniambia kwamba unaihitaji keria?"

Mkewe alikuwa anamfunika mtoto. Akajibu taratibu, "Ulisema ni ya kwenda kazini. Nikabaki najiuliza, hivi huyu anakwenda kazini kwa ajili ya nani?"

Wapendwa, fundi hakuwa na jibu. Sisi tunalo?

Maana sisi nasi tunajua kuchagua. Tunachagua kazi, kiwanja, marafiki, hata saa za kusali, na tunachagua vizuri, hakuna anayetukosoa. Lakini tunaowatumikia, tumewahi kuwauliza? Au tumeshawaambia ni wazito, watatuchelewesha?

Nilitaka kuishia hapo. Siwezi, kwa sababu Alhamisi nilikuwa nimejifungia chumbani naandaa maneno haya haya mnayoyasikia. Mama yangu mzazi, ambaye mnajua anaishi kwangu, akagonga mlango. Nikanyamaza. Akagonga tena. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Mama, niko kazini." Nikasikia ndala zake zinarudi polepole hadi chumbani kwake. Nikaendelea kuandika juu ya upendo.

Kwa hiyo leo msinisubiri mlangoni kwa salamu kama kawaida yetu. Mzee wa kanisa atatufungia kwa sala. Mimi natangulia nyumbani, nikamuulize mama alikuwa anataka nini.