Mhandisi Aliyesema Subiri

Ndugu yangu, hii nimetumiwa asubuhi na dada mmoja wa kwaya yetu. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikakaa. Isome mpaka mwisho, kisha mtumie mtu aliyewahi kukuambia "subiri" ukamnunia.

Katika mji mmoja wa mbali, huko magharibi kwenye misitu ya miombo, palikuwa na hospitali yenye daktari mmoja tu wa watoto. Jina lake Anzuruni. Mtoto akizidiwa, ilibidi asafirishwe kutwa nzima hadi hospitali kubwa ya mjini. Wengine walifika. Kwa wengine, gari liligeuza njiani, mama akiwa amemfunika mwanawe khanga mpaka usoni.

Siku moja ikaja habari njema: mkongo unaongezewa uwezo. Mkongo ni ule uzi mwembamba wa kioo unaopita chini ya ardhi, ukibeba sauti na picha za watu kwa mwanga. Ikaletwa mitambo mipya, yenye kasi kuliko ya zamani, na kazi akakabidhiwa mhandisi Sijaona Mbwiga, mwanamke mpole wa sauti, mgumu wa kauli.

Anzuruni akamfuata kwenye kituo cha mitambo.

"Mhandisi, nitaweza kumwonyesha daktari bingwa wa mjini moyo wa mtoto unavyopiga, palepale, huku tunazungumza?"

"Utaweza, daktari."

"Basi Mungu akubariki."

Lakini mitambo ilipowashwa kwa majaribio, picha zilifika vipandevipande. Zilikwama, zikaruka, zikakwama tena. Sijaona akaongeza nguvu ya mwanga. Hali ikazidi kuwa mbaya. Akapima, akaona ajabu: mwanga ulikuwa unafika, tena mwingi.

Alifikiri sana, akarudia vipimo, kisha akamwambia fundi mwenzake Lusekelo, "Mwanga haujapotea. Umetawanyika. Kila mmweko una rangi kadhaa ndani yake, na rangi hazikimbii sawa. Safari ikiwa fupi, zinafika pamoja. Safari ikiwa ndefu, nyingine zinatangulia, nyingine zinabaki nyuma, mmweko mmoja unaukanyaga mwingine kisigino. Zamani tulituma polepole, nafasi ilikuwepo. Sasa tunatuma kwa kasi, zinaparamiana."

"Dawa yake?"

"Kisanduku chenye uzi wa aina nyingine. Kinazichelewesha zile zilizotangulia, mpaka za nyuma zizifikie."

Lusekelo akacheka. "Tumeleta mitambo ya mbio, sasa tunaagiza kitu cha kuchelewesha!"

"Ndiyo hivyo, kaka."

Kisanduku kikaagizwa, na ufunguzi ukaahirishwa. Maneno hayakukosekana. Sokoni walisema mhandisi yule ana lake jambo. Hata Anzuruni, wakikutana njiani, salamu yake ilikuwa ya juujuu. Sijaona aliitikia, akaenda zake.

Asubuhi ambayo kisanduku kilifika, mama mmoja aitwaye Nyanzobe aliingia hospitalini akikimbia, mwanawe mchanga Editha yuko kifuani. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu, anahema kwa shida.

Anzuruni alimpima kwa ultrasaundi. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mfuko unaozunguka moyo, yanaubana usipige. Yalihitaji kuvutwa kwa sindano, na sindano ipite karibu sana na moyo wenyewe. Hakuwahi kulifanya jambo hilo kwa mtoto mdogo kiasi kile. Bingwa wa mjini alikuwa tayari, anasubiri picha tu.

Akapiga simu kituoni.

"Sijaona, fungua mkongo!"

"Ndio tunaunganisha kisanduku, daktari. Bado sijapima."

"Mtoto anakufa hapa!"

"Nikifungua sasa, picha itakukwamia sindano ikiwa ndani."

"Afadhali picha ya kukwama kuliko kukosa picha!"

Nyuma ya sauti ya daktari, Sijaona alisikia mwanamke akilia.

"Hapana," akasema. "Picha ya kukwama itakudanganya. Utadhani moyo uko mahali ambapo haupo tena. Subiri, daktari. Nakuomba, subiri."

Anzuruni akaitupa simu mezani. Akamwekea mtoto oksijeni, akasimama pale akihesabu pumzi zake.

Kule kituoni Sijaona alisafisha ncha za nyuzi, maana hata chembe ya vumbi huharibu kazi. Akaunganisha. Akapima. Picha ya majaribio ikatoka safi kama maji ya chemchemi.

"Fungua," akamwambia Lusekelo.

Hospitalini, sura ya bingwa ikajitokeza kwenye skrini, na pembeni yake moyo wa Editha ukidunda.

"Nakuona vizuri, Anzuruni," akasema bingwa. "Ingiza sindano chini ya mbavu. Taratibu. Endelea. Endelea... Subiri!"

Mkono wa Anzuruni ukaganda. Kwenye picha, moyo ulivimba ukaja mbele, ukakaribia kuigusa ncha ya sindano, kisha ukarudi nyuma.

"Rudisha kidogo. Hapo hapo. Sasa vuta."

Maji yakaanza kuingia kwenye bomba la sindano. Midomo ya mtoto ikaanza kurudia rangi yake. Kisha Editha akalia, kilio cha hasira chenye nguvu zote, na kila aliyekuwa chumbani akacheka huku akifuta machozi.

Jioni, mtoto alipokuwa amelala salama, Anzuruni alikwenda kituoni. Alitarajia kukuta furaha. Alimkuta Sijaona ameketi kwenye ngazi za nyuma, macho yamevimba.

Alipomwona daktari, alisimama kwa shida. "Sema tu, daktari. Nimejiandaa."

"Niseme nini?"

"Kwamba nilimchelewesha, akafa. Mchana kutwa hamkunipigia. Mimi nami nikaogopa kuuliza."

Anzuruni akajishika kichwa. Katika furaha yao yote, hakuna hata mmoja aliyemkumbuka.

"Yuko hai," akasema. "Sijaona, mtoto yuko hai, amenyonya, amelala! Nisamehe. Leo nimeambiwa 'subiri' mara mbili. La kwanza lilinitia hasira. La pili, nisingelisikia kwa wakati kama si lile la kwanza. Picha ingekwama pale, ningeutoboa moyo wa mtoto kwa mkono wangu mwenyewe."

Akamchukua mpaka wodini. Nyanzobe alikuwa ameketi kitandani, mwanawe mapajani.

"Ndiye huyu aliyesema tusubiri?" akauliza.

Sijaona akasita mlangoni.

"Dada, njoo karibu," akasema Nyanzobe. "Asubuhi nilikuwa nyuma ya daktari, nikakusikia kwenye simu, nikakulaani kwa mdomo huu. Sasa naomba niifute laana kwa mdomo huuhuu. Mungu akujalie. Akuongoze mikono. Asante, mama. Asante sana."

Akamnyooshea mtoto. Sijaona akampokea, akamweka begani, akasikiliza anavyohema. Alikaa naye hivyo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Funzo: Si kila anayekuchelewesha ana nia mbaya nawe. Ukishafika salama, usiwashukuru waliokukimbiza peke yao; mrudie na yule aliyekuambia "subiri", umwambie asante.