Mrashi wa Fedha na Mshindani Namba Saba

Kwa mwenye wivu, mwizi habishi hodi. Mmeisikia leo kwa muuza vitenge, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tabora, wala si enzi za mababu. Mwenye wivu mwenyewe ni mimi bibi yenu, kwa hiyo cheko mlimalize sasa hivi.

Mnajua kazi yangu ni kuwa somo wa mabibi harusi. Nawapamba, nawafunda, na siku ya ndoa nasimama mlangoni na mrashi kuwanyunyizia wageni marashi. Kwa miaka mingi kazi hiyo tuliifanya wawili, mimi na Nyamizi, shoga yangu tangu tunacheza kombolela. Kisha watu wakaanza kumwita yeye peke yake. Mara ya kwanza nilisema ni bahati. Mara ya tatu niliposikia vigelegele mtaa wa pili, nilifunga dirisha. Sitawaficha: nilimwonea wivu hadi nikakichukia kicheko chake, kicheko nilichokipenda toka utotoni.

Siku hizo nilikuwa nimenunua simu ya kupangusa. Katika kupangusa nikaangukia mnada wa mtandaoni, nikaona mrashi wa fedha, shingo ndefu, umenakshiwa maua, wa zamani hasa. Muuzaji alijiita Hazina za Kale. Nikaufikiria mlangoni mwa harusi ya binti wa Mzee Mrisho, harusi iliyosubiriwa na mji mzima na ambayo somo wake alikuwa hajachaguliwa. Bila kungoja nikampelekea mama wa binti ile picha. "Huu ndio utakaowapokea wageni wenu," nikamwambia. Akafurahi, akanipa kazi. Basi nikawa nimeahidi chombo kisichokuwa changu.

Nikaweka dau. Kesho yake nikakuta mtu amenipita. Nikapandisha, akanipita tena. Mnada ule hauonyeshi majina, huonyesha namba tu, na aliyenipita aliandikwa mshindani namba saba. Mtu mwenye akili angejiuliza huyo ni nani. Mimi sikujiuliza, nilikwisha kumjua. Nikamwandikia muuzaji: "Huyo namba saba si Nyamizi wa Gongoni, Tabora? Somo mwenzangu?"

Jibu lilikuja hata chai haijapoa. "Dada, umejuaje? Ndiye. Na amesema hakuachii kwa lolote."

Nyamizi mwenyewe hakuwapo mjini, alikwenda Sikonge kumuuguza mama yake, na hilo nalo nikaligeuza: amejificha anishinde kwa siri. Kila siku muuzaji alikuwa akinipa habari zake. Nyamizi kasema hivi, Nyamizi anakucheka. Nikavua vipuli vya dhahabu alivyoniachia marehemu mama, nikavipeleka kwa sonara, nikaweka dau la mwisho. Namba saba akanyamaza. Nikapiga vigelegele peke yangu chumbani.

Mrashi ulifika kwa basi siku moja kabla ya harusi. Ulikuwa mwepesi na ulinuka rangi. Macho yaliona na pua ilinusa, lakini moyo ulikataa, kwa sababu nilikuwa nimemshinda Nyamizi.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, nikasimama mlangoni kwa Mzee Mrisho. Aliyetangulia kuingia ni shangazi wa bwana harusi, amejitanda mtandio mweupe. Nikanyunyiza. Yakatoka matone ya kijivu. Nikatikisa zaidi, kumbe nazidisha balaa. Rangi ya fedha ikaniganda viganjani, na chini yake likachungulia bati. Mtandio wa shangazi ukajaa madoadoa. Mama wa binti akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Hapo akatokea Nyamizi, ndiyo kwanza anafika kutoka Sikonge, kikapu mkononi. Hakuuliza kitu. Akavua kanga yake mpya, akamtanda nayo shangazi, akasema kwa sauti, "Kwetu mgeni wa kwanza huvishwa kanga!" Akapiga kigelegele, wanawake wakamwitikia. Kisha akatoa kikapuni mrashi wake wa glasi, ule uliopasuka mdomo ambao hauachi aendapo harusini. Akanitia mkononi.

"Endelea," akaniambia. "Kazi ni yako."

Wageni walipokwisha kuingia, nikamvuta uani.

"Haya, sema sasa. Ulikuwa unanipandishia dau kwa nini?"

"Dau gani tena, shoga?"

"La mrashi! Namba saba si wewe?"

"Mwezi mzima namgeuza mama kitandani, na kule mtandao tunaupandia kichuguu. Nani kakwambia ni mimi?"

Nikampa simu asome ushahidi. Akasoma polepole kuanzia juu kabisa, nami nikisomea begani kwake. Ndipo nilipoona. Jina lake nililitaja mimi. Mtaa niliutaja mimi. Hata kazi yetu niliitaja mimi.

"Namba saba ni muuzaji mwenyewe," Nyamizi akasema. "Alikuwa anajipandishia bei. Wewe ndiye uliyempa jina la kukuchoma nalo."

Akanirudishia simu.

"Nilipanda kile kichuguu mara nne kukupigia, nikwambie mama yuko taabani. Hukupokea."

Simu zake nilikuwa naziona. Nilikuwa nazikata.

Nikalia pale pale. Nyamizi akanifuta rangi viganjani kwa upindo wa gauni lake, akasema kwa uchungu, "Shoga, mwizi huyu hakuvunja hata kufuli. Kwa mwenye wivu, mwizi habishi hodi."

Mwanamke aliyekuwa akiosha masinia aliisikia, na wanawake wa Gongoni mnawajua. Kufika jioni, methali ilikuwa imeshafika stesheni. Hazina za Kale alihama na jina lake, na vipuli vya mama sikuviona tena. Mrashi wa bati ndio ule pale dirishani, nauweka niuone. Mama yake Nyamizi alifariki mwezi uliofuata. Nyamizi alinipigia mimi kwanza, nikapokea kabla simu haijaita mara ya pili.

Watu wanaitumia methali hii bila kujua alitukanwa nani. Mimi kila nikiisikia nageuka. Sasa nanyi mnajua: kwa mwenye wivu, mwizi habishi hodi.