Ufa Uliozibwa kwa Msaragambo

Ufa wa mlima hauzibwi, huhamwa. Bibi Nakunda alimwambia hivyo mjukuu wake, aliyekuwa akifunga mizigo arudi mara ya nne kwa mume anayempiga. Vijana wa kwaya waliokuwa wakimsaidia kupukuchua mahindi wakamwuliza maneno hayo yametoka wapi. Bibi akaweka ungo chini, akawaeleza.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika milima ya Upare, alifika mjiolojia mmoja aitwaye Mbazi. Kazi yake ilikuwa kutembea. Alipanda makorongo na nyundo mkononi, akavunja mawe yenye ulanga unaometameta, akayatazama kwa kioo cha kukuzia na kuandika katika daftari. Mara nyingine alichukua chembe ya udongo akaigusisha ulimini, apate kujua ni udongo wa mfinyanzi au mchanga laini. Watu wa Kwamsanja walipomwona wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mla mawe!" aliita Mama Nakadori, mjane aliyempa chumba. "Njoo ujaribu makande. Hayavunji meno."

Mbazi akampenda mama yule kama mamaye. Kila asubuhi walisali pamoja kabla hajapanda mlimani, na wajukuu wawili wa mama walimbebea mfuko wake hadi kwenye mfereji.

Siku moja, juu ya kijiji, Mbazi aliona ufa. Ulikuwa mwembamba, upana wa kiganja, lakini ulikata ubavu wa mlima kutoka korongo hata korongo. Miti iliyo chini yake ilikuwa imeinama. Akapigilia vigingi vya chuma, vingine juu ya ufa na vingine chini, akapima umbali kati yavyo. Ukiongezeka, mlima unatembea.

Hakumwambia mtu. Alijisemea, "Nisiwatie watu hofu kabla sijawa na hesabu kamili." Akashuka mjini kwa wiki tatu.

Aliporudi hakuuona ufa. Mahali pake palikuwa na udongo ulioshindiliwa vizuri, na maharage yameshachipua juu yake.

"Vigingi vyangu viko wapi?" alimwuliza mwenyekiti, Mzee Kihara.

"Tumekuhifadhia, mwanangu. Hakuna kilichopotea." Mzee akavitoa, vimeoshwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. "Ng'ombe alivunjika mguu mle ufani. Tukaitana msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu, siku mbili tu. Si unajua, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Mzee, vigingi hivi ndivyo vingeniambia mlima unatembea kiasi gani."

Mzee Kihara akauliza, "Mbona hukutuambia?"

Mbazi akavipokea vigingi.

Mama Nakadori, aliyekuwa amesimama karibu, jembe mkononi, akauliza, "Sasa tuhame?"

Hapo, wanangu, ndipo palipokuwa mlango wa kuokoka. Mbazi aliiona miti iliyoinama. Moyo wake ulisema ndiyo. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo hakuwa navyo tena.

"Nipeni wiki moja," alisema. "Nivipigilie upya, nipime, ndipo niseme."

"Afadhali," alisema mama, akicheka. "Nilidhani utanifukuza na mahindi yangu bado mabichi."

Akavipigilia siku ile ile. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, mvua ingali ikinyesha, karibu na adhuhuri, Mbazi alipanda kupima. Kigingi na mwenzake vilikuwa vimeachana kwa dhiraa nzima. Akatupa daftari, akateremka mbio akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Watu wa nyumba za pembeni walimsikia wakakimbia. Wa katikati walikuwa ndani, mvua ikipiga mabati, wakila chakula cha mchana.

Mlima ukapita mbele yake. Haukuchukua muda wa kumaliza Baba Yetu. Nyumba saba zikawa udongo mtupu.

Wakaitana msaragambo tena. Walichimba siku tatu kwa majembe yale yale waliyozibia ufa. Mbazi alichimba mpaka kucha zikamtoka. Mama Nakadori walimkuta amewalalia wajukuu wake. Mbazi akapiga magoti penye tope aombe, lakini neno halikumjia. Mungu alikuwepo, naamini, lakini siku ile Mbazi hakumsikia.

Kaburini Mzee Kihara alisema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Tulifanya kama wazee walivyotufunza."

"Wazee walisema ufa wa nyumba," Mbazi akajibu. "Ufa wa mlima hauzibwi, huhamwa. Mimi nilijua, nikanyamaza. Mama akaniuliza kwa kinywa chake, nikamwambia angoje."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimwumiza kuliko lawama. Aliendelea kutembea milimani mpaka uzeeni, lakini tangu siku ile, kila alipoona ufa, alishuka kwanza nyumba ya karibu akabisha hodi, bila kipimo chochote mkononi. Wengine walihama. Wengi walimwona mwoga, wakabaki, na baadhi yao alikwenda kuwafukua udongoni.

Walionusurika Kwamsanja wakayabeba maneno yake, yakatufikia sisi: ufa wa mlima hauzibwi, huhamwa.